Zamu ya Nyeusi

"Uliuliza simu! Baba Nzomo, usinizungushe, wewe uliuliza simu!"

"Haki ya Mungu, Mama Nusaiba, sikuuliza."

Hasina alikuwa ameziba mlango kwa mkono, kama anayezuia mbuzi asiingie. Mbaluka alibaki nje, kofia mkononi. Ng'ambo ya ua, ufagio wa mkewe Kasiva ulikuwa umenyamaza, na mtaa ule wa Kitui wote unajua: ufagio wa Kasiva ukinyamaza, masikio yako kazini.

Ugomvi ulikuwa wa fumbo la chesi. Marehemu Salim, mume wa Hasina, alizoea kumpangia jirani yake Mbaluka kete ubaoni, kisha anamwambia: nyeupe inacheza na inashinda, haya tafuta. Sharti lake moja tu, simu isiguswe. "Simu ikifikiri badala yako, mimi nitakuwa nimecheza na nani?" La mwisho alilipanga wiki ile kifua kilipombana, akazikwa kabla ya kusikia jibu. Mbaluka alilibeba kichwani muda wote Hasina alipokaa eda. Leo eda imekwisha, amelileta jibu, na anaitwa mwongo mlangoni pa rafiki yake. Akiondoka na jina hilo, nani tena atamwamini kwamba alilitunza neno la Salim?

"Eti mfalme asogee hatua moja, basi? Hiyo ni akili ya simu."

"Simu ingenipa jibu tu, mama. Niulize nilikopotea."

"Haya, ulipotelea wapi?"

"Kwanza nilimsogeza malkia. Nikashangilia peke yangu katikati ya ndengu, jembe mkononi. Kumbe nimemfungia mfalme mweusi njia zote bila kumtishia, na hiyo ni sare. Nikajaribu farasi, akaliwa na askari. Nikamrudia malkia tena, mjinga mimi, nikidhani safari hii atakubali. Halafu Jumapili moja, mchungaji akiomba, nikaona hakuna haja ya kushambulia. Mfalme wetu akae kando. Nyeusi lazima icheze, na chochote itakachogusa kinaiangusha."

Hasina aliutazama mkono wake pale mlangoni.

"Nilijua hukuuliza," akasema, sauti imepungua. "Hizo kete sijazigusa tangu Salim azipange. Napangusa meza kandokando yake. Sasa ukishalifumbua, nitasema ubao unangoja nani?"

Hilo Mbaluka hakuwa amelifikiria, hata kwa siku moja. Aliikunja kofia, akaikunjua.

"Usiuondoe. Msogeze mfalme tu, mwenyewe, kwa mkono wako. Halafu ni zamu ya nyeusi, zamu yake Salim. Mchezo haujaisha."

Hasina alifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaushusha mkono mlangoni.

"Pita ndani. Na wewe Mama Nzomo, acha kuegemea ua wangu, utauangusha! Njoo na ufagio wako huohuo. Nusaiba amepika wali wa watu kumi kama vile baba yake bado yuko. Njooni mle."