Chaki Nyekundu Kwenye Birika

Basi la mwisho lilikuwa linakata kona ya geti, godoro la mtu limening'inia nyuma kama ulimi, na waliobaki wakilipungia mikono. Chuo kimefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Bwenini tulibaki vijana wachache wenye sababu zao, binamu yangu mpishi, na mimi. Nilikuja kumsalimia tu. Maisha yangu yote ni kiguu na njia, ila safari hii barabara zilifungwa nami nikiwa ndani.

Msimamizi wa bweni, mama wa maneno machache, alisimama ukumbini ameshika kufuli. "Wanangu, sikieni. Ugonjwa ukitapakaa humu nafunga, kila mtu apewe kibali cha njiani aende kwao."

Daktari alinywea. Hilo ni jina la utani la binti mmoja aliyekuwa anasomea udaktari. Kwao ni chumba kimoja, anaishi na bibi aliyemlea, mwenye kifua kibovu.

"Babu," aliniambia, maana wote bwenini waliniita hivyo, "nikimpelekea bibi ugonjwa huu, nitakuwa nimemuua mimi."

Si kwamba wale vijana hawakujua. Waulize kirusi kinaingilia wapi, sabuni inakimalizaje, wanakumwagia majibu bila kuvuta pumzi. Wananawa mlangoni, wanasalimiana kwa viwiko. Halafu wanakaa kucheza karata, barakoa kidevuni, na kikombe kimoja cha chai kinazunguka midomo yote. Ndivyo walivyozoea bwenini: anayekunywa peke yake ni mchoyo.

"Ugonjwa uko huko nje kwa watu tusiowajua," alisema Goli, mcheza mpira. "Sisi hapa ni ndugu."

"Ndugu ndio wanaoambukizana, mjinga wewe!" Daktari akamjibu.

"Haya, Mama Sabuni, shika kikombe, zamu yako."

Wakacheka. Naye akanywa! Kuitwa mchoyo hakutaki.

Asubuhi moja nikamfuma Daktari jikoni anasaga chaki nyekundu ya ubaoni, anaipaka kwenye mpini wa birika.

"Babu, funga mdomo."

"Nimeshafunga."

Kabla ya chakula cha mchana Goli alikuwa na pua nyekundu. Karata nyekundu, swichi za taa nyekundu, simu, vitasa, mpaka ndani ya barakoa. Binamu yangu masharubu yalikuwa yameiva. Daktari akapanda juu ya benchi.

"Jiangalieni! Hiyo ni chaki ya kwenye birika. Ingekuwa ugonjwa je?"

Wakatazamana. Goli akainua kidole. "Sawa, Daktari. Na hilo sikio lako je?"

Akajigusa. Jekundu. Midomo pia. Mpakaji mwenyewe, na alijua ilipo!

Akashuka taratibu. "Basi ni sisi sote," alisema. Hapo ndipo walipomsikia.

Tangu siku hiyo kila mtu na kikombe chake, kwenye msumari wake. Birika likapewa mtu mmoja wa kulishika. Ukipeleka mkono usoni, bweni zima linakupigia kelele: "Chaki!" Hata mimi na mvi zangu nilikemewa: "Chaki, Babu!"

Kisha Goli akaanza kukohoa. Homa ikampanda, akapimwa, anao. Akawekwa chumba cha mwisho, sahani anaachiwa mlangoni. Wauguzi wakatupima wote. Siku ya majibu Daktari alikaa kwenye ngazi, begi limefungwa.

Msimamizi akaingia na karatasi mkono huu, kufuli mkono ule. Akasoma majina mpaka mwisho.

"Hakuna hata mmoja."

Bweni likalipuka. Masufuria yakapigwa. Goli akachungulia dirishani: "Na mimi je?"

"Wewe unao, tena wa kutosha! Kaa humo humo!" tukamjibu.

Msimamizi akatumbukiza kufuli kwenye mkoba. Daktari akamrukia amkumbatie, na sote kwa pamoja: "Chaki!" Akabaki mikono hewani, anacheka na machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

Goli alipona, siku hizi ni refa. Msimamizi alistaafu, anafuga kuku. Binamu yangu bado anapika. Daktari alirudi kwao mzima barabara zilipofunguliwa, na bibi alikuwepo siku ya mahafali, kakaa mbele. Sasa binti huyo anatibu watu kweli. Mimi niliondoka na kikombe changu, na ninacho mpaka leo.