Propela Bado Haijatoka

...na kama kazi yenyewe ni kushika kamba tu, si angeifunga kwenye nguzo ya gati, nguzo haichoki wala hainuni, wala haina dada wa kumkimbilia, aliwaza, huku kamba ikimteleza polepole viganjani, mumewe huko chini majini anahamia upande wa pili wa shafti, ule mtaimbo unaozungusha propela, anatafuta pa kukanyaga na hapana, chini ya boti inayoelea hapana pa kukanyaga, ukisukuma spana unajisukuma mwenyewe... siku tisa leo, siku tisa mke na mume wanapishana mlangoni kama wapangaji, asubuhi hii kakuta kamba mezani kando ya kikombe chake, eti ndiyo kuitwa kazini huko, akaibeba, akaja, kimya, na yote haya kisa yule mteja aliyeuliza, na mama huyu naye ni fundi? na mumewe akacheka, aa, huyu ananishikia kamba tu... tu! Miaka kumi na mmoja, tu. Mwenye boti alikuwa anasema kitu, mashine ya hewa inanguruma kati yao, maneno yanamfikia nusunusu, "...gogo, mama, sikuliona kabisa, propela ikajipinda..." eeh, akaitikia, macho kwenye mapovu, mapovu yapo, mpira wa hewa haujajikunja, vizuri, na begi liko chini ya kitanda, magauni matatu na viatu vya kufunga, kazi ikiisha analipitia, dada kashasema chumba kipo, wala hamwachii barua, atajionea mwenyewe... kamba ikavutwa mara moja, yaani nipo salama, naye akaivuta mara moja, mkono ukajibu kabla yeye hajaamua, mkono hauna haya. Sasa atakuwa analegeza nati, asiitoe yote, aiache imeshika nyuzi tatu za mwisho, maana propela ikibanduka huruka, na isipozuiwa na nati inakwenda topeni moja kwa moja, kama ile ya mwaka wao wa kwanza, wakaitafuta mchana kutwa kwa vidole vya miguu, wakicheka mpaka mumewe akanywa maji machafu, na alikuwa kamwambia mapema, nati usiitoe yote, hakusikia, hasikii huyu, hajawahi...

"...nilimtaka aje tangu juzi," mwenye boti alikuwa amesogea, "nikamwambia nahodha wangu atakushikia kamba. Akakataa."

"Kakataa nini?" akauliza.

"Kakataa katakata. Anasema pumzi yake hampi mtu mwingine, nisubiri mkewe apoe. Nikamuuliza, kwani mgonjwa? Akasema, kanuna, na ana haki, mimi ndiye niliyeropoka."

Mapovu, mapovu, mapovu... kumbe anajua, siku zote hizi anajua, halafu anakwenda kumwambia mtu baki asiyehusika, mwenye kununa yupo jikoni hapo hapo, hatua nne, mjinga mkubwa wewe, na huruma ikampanda kifuani bila hodi, maana huko chini haoni hata kidole chake, maji ya gatini yamejaa oili, anafumba macho na kufanya kazi kwa kupapasa, kichwa chini ya tani zote hizo, na haogopi, kwa nini haogopi, kwa sababu ya nani... anampenda, ndiyo tabu yenyewe, angekuwa hampendi angeshacheka siku ile ile yakaisha. Dada atauliza, mbona hukuja? Atauliza, na aulize. Lakini lile "tu" halijafutika, asidhani, halifutwi na mwenye boti.

Akapiga magoti ukingoni, kamba imemkaza kiganja, akasema na mapovu, maneno ya kwanza kumwambia mumewe baada ya siku tisa:

"Bado nimekasirika. Ila siendi kokote. Ukitoka, hayo uliyomwambia huyu uje uniambie mimi."

"Unasemaje, mama?" mwenye boti akauliza.

"Si wewe, baba," akamjibu, akalegeza kamba kidogo, mumewe apate nafasi ya kugeuka.