Kipande cha Uzio cha Mjane Thibeau

Ilikuwa mwaka 1806, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, mwaka wa pili tangu nchi iliyo magharibi ya Mto Mississippi ikabidhiwe kwa Wamarekani bila wakazi wake kuulizwa neno. Barafu ilikuwa imeyeyuka, udongo umelainika, na kijiji kizima cha Prairie-Basse kilikuwa kikitengeneza uzio.

Mashamba ya kijiji yalikuwa ngwe nyembamba zilizolala sambamba kutoka mlimani hadi mtoni, zote zikizungukwa na uzio mmoja. Kila mwenye ngwe alikuwa na kipande chake cha uzio. Kikianguka na ng'ombe wakapita, ni yeye aliyelipa ngano iliyoliwa, hata kama ilikuwa ya adui yake. Pélagie Thibeau alizaliwa akaikuta sheria hiyo, na alitarajia kufa akaiacha.

Asubuhi alipokifikia kipande chake, shoka begani, alikuta kimekwisha kutengenezwa. Wala hakikuwa cha vigingi vilivyosimikwa wima, kama wafanyavyo Wafaransa. Kilikuwa cha magogo yaliyopasuliwa, yakalazwa kwa kupishana mithili ya nyoka anayetambaa. Huo ulikuwa mtindo wa Kentucky, na kijijini alikuwako mtu mmoja tu wa Kentucky: Amos Pruett, aliyenunua ngwe ya jirani mwaka uliotangulia. Wanakijiji walimwita Mboston, kwa kuwa kwao Wamarekani wote walikuwa Waboston.

Pélagie alimwendea akamwuliza, na Pruett akamjibu kwa Kifaransa chake cha kuchechemea kwamba alibakiwa na magogo, akaona uzio wa mama umelala, akauinua. Alipoulizwa anataka nini, alicheka, akasema labda mkate siku moja.

Pélagie hakucheka. Marehemu mumewe alipewa ngwe ile kwa kauli ya mkuu wa Kihispania, enzi Wahispania walipoitawala nchi, wala hapakuandikwa hata mstari. Sasa makarani wa Kimarekani walitazamiwa kuja wakati wa majani kupukutika, na asiye na hati angetakiwa kuthibitisha kwamba ardhi ni yake. Akishindwa, ingekwenda. Hakuwa na nyingine. Alimpelekea shauri shemeji yake Toussaint, fundi wa mikokoteni.

"Shemeji," alisema Toussaint, "Mboston hapandi mti kabla hajajua kivuli kitaanguka wapi. Makarani wakiutazama uzio wako, wataona nini?"

"Magogo ya Kentucky."

"Basi umejijibu."

Siku ya pili Pélagie aliyabomoa magogo yote, akayapanga kwenye mpaka wa Pruett, akaanza kusimika vigingi vyake mwenyewe. Vilitosha nusu. Nusu iliyobaki aliiziba kwa matawi ya miiba, akiomba Mungu ng'ombe wasiyatambue. Waliyatambua mwezi wa Mei. Walipita, wakaiacha ngano ya mjane kana kwamba wameonywa, wakala ya Pruett.

Mzee Gaspard, msimamizi wa uzio, aliyapima madhara kwa hatua zake, akatamka: magunia sita, yalipwe baada ya mavuno. Hapo Pruett akavua kofia mbele ya watu, akasema hadai kitu, mama huyu ni mjane. Wanawake walimsifu, mmoja alisema Mboston ana moyo wa padri. Pélagie peke yake alihisi baridi. Mtu aliyebomolewa kazi yake, kisha akaliwa ngano yake, angepaswa walau kununa.

Alimfuata Gaspard nyumbani, akamwuliza ataandika nini katika daftari la uzio, maandishi pekee ya mashamba ambayo makarani wangeyakuta kijijini.

"Nitaandika kwamba hapana deni."

"Na kipande kitaandikwa ni cha nani?"

Mzee alijikuna kidevu. "Anayelipa ndiye anayeandikwa, binti yangu. Asipolipa mtu, haandikwi mtu."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Pruett, akamkuta akinoa fyekeo.

"Kwa nini unanisamehe, Bwana Pruett?"

"Kwa nini usisamehewe?"

"Nimetangulia kuuliza mimi."

Pruett aliyajaribu makali ya fyekeo kwa kidole gumba. Alieleza kwamba huko Kentucky baba yake alifyeka msitu mara mbili, na mara mbili akatokea mtu mwenye karatasi, akamwondoa. "Nimejifunza, mama," alimaliza. Hakusema alijifunza nini: kuwahurumia wasio na karatasi, au kuwatangulia. Pélagie aliyachungulia macho yake, asione humo ila anga.

Mwezi wa Julai ngwe yake ilimpa magunia tisa. Toussaint alipoambiwa kwamba sita yatatoka, alidhani shemeji yake amepigwa na jua. Alimkumbusha kwamba deni limesamehewa mchana kweupe, na kwamba kipupwe hakisamehe mtu.

"Utakula nini? Vigingi?"

"Nitakula mahindi, kama Waboston. Lete mkokoteni."

Jumapili, misa ilipokwisha, watu walisimama mlangoni pa kanisa kusikiliza matangazo, kama ilivyokuwa desturi. Mkokoteni ulikuwa umekwisha kufika. Pélagie alimwomba Gaspard asome kwa sauti, na mzee akasoma kwamba mjane Thibeau, mwenye kipande cha kumi na nne cha uzio na ngwe iliyo nyuma yake, analipa magunia sita ya ngano kwa madhara yaliyopitia kwake.

Pruett alisogea mbele, kofia mkononi. "Mama, nilikwisha kusema sidai."

"Nami nilikusikia. Sasa sema kwamba umepokea."

Yule mwanamke aliyemsifu mwezi wa Mei sasa alimkazia macho. Pruett aliyatazama magunia, akaitazama kalamu ya Gaspard iliyokuwa ikingoja juu ya daftari, kisha akamtazama mjane, muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu asiye na la kupoteza.

"Nimepokea," alisema.

Gaspard akaandika. Pélagie alisubiri mpaka wino ukauke, akaufungua mkokoteni, akaanza kuyashusha magunia miguuni pa Pruett, moja baada ya jingine, hadi la sita.