Meza ya Watu Wanne

Seremala alipotengeneza meza ya kulia, aliipima iwatoshe watu wanne: yeye, mkewe, dada yake aliyekuwa akiishi nao, na binti yao wa miaka sita waliyemwita Kidosho. Aliipiga msasa mpaka ukipitisha kiganja juu yake huhisi hata mkwaruzo.

Kidosho alikula vitu viwili tu: mkate mkavu uliotolewa ganda, na kiazi cha kuchemsha kisichoguswa na mchuzi. Vingine vyote vilimtisha. Harufu ya kitunguu ilitosha kumfanya azibe pua na hata masikio. Daktari alisema ana usonji, na nesi wa kliniki akamweleza mama: chakula kipya kiwekeni karibu, akiangalie, akinuse, akiguse akitaka, ila msimlazimishe wala msimdanganye. Mama alielewa vizuri. Lakini kila alipomwogesha na kuziona zile mbavu, hofu ilimjaa, na maneno ya nesi yakamtoka akilini.

Shangazi hayakumtoka, kwa kuwa hakuwa ameyasikiliza.

"Anadeka tu huyu, wifi. Sisi tulibanwa pua tukameza. Nani alikufa?"

Adhuhuri moja akambana mtoto pua, akamtia kijiko cha maharage mdomoni. Kidosho alitapika. Meza ikatoa mlio wa ubao mkavu, ikarefuka kiasi cha mkono, na kiti cha mtoto kikasogea nayo. Seremala alipapasa ubao akitafuta kiungo, asikione.

"Unyevu huo," alisema, wakaendelea kula.

Ilirefuka tena shangazi alipomficha mkate ili njaa imfunze adabu. Ilirefuka baba alipogonga meza kwa ngumi. Ilipofika mlango wa nyuma, seremala aliung'oa mlango. Ilipofika mwisho wa ua, alitoboa ukuta, akamwomba radhi jirani, naye jirani akasema si neno, mradi aanike vyombo vyake juu ya hiyo meza. Alijaribu hata kuikata kwa msumeno. Akabaki na kipande mkononi na meza ndefu vilevile. Basi akamjengea binti yake kibanda cha mabati kule mwisho, asinyeshewe. Alikuwa fundi hodari, na kila tatizo alilitafutia mbao na misumari.

Kila wakati wa kula Kidosho alitembea mwenyewe mpaka kitini kwake, na kila siku alichelewa zaidi kurudi. Hilo ndilo lililomtetemesha mama. Wengine waliona meza. Yeye aliona siku ambayo mtoto angeenda kula asirudi.

Woga huohuo ndio uliomponza. Shangazi alimwambia aponde yai ndani ya kiazi, mtoto hatajua, naye akaliponda. Kidosho alijua kabla hajafunga mdomo. Alikitoa kile kiazi polepole, akakiweka kwenye sahani, akamtazama mama yake kwa muda mrefu. Tangu hapo hakula tena kiazi. Kikabaki kitu kimoja: mkate. Meza iliondoka kwa kishindo, sahani za jirani zikavunjika, na kule mwisho mama hakuona tena uso wa mwanawe, aliona gauni la njano tu.

Kesho yake mama alibeba kiti, akaifuata meza kupitia ukutani na ua wa jirani, akaketi kando ya mtoto. Hakumhimiza ale. Aliweka kiazi kizima, na maganda yake, kwenye kisahani cha peke yake, akala chake taratibu. Kidosho alikula mkate. Wakafanya hivyo siku nyingi. Meza ikaanza kurudi. Jirani akapata ua wake, kisha ukuta ukazibika, na shangazi akasema si mnaona, unyevu umepungua.

Siku moja Kidosho alikivuta kisahani. Alikinusa kiazi, akakimenya kwa kucha, akakagua ndani kama kuna kilichofichwa. Kisha akakigusa kwa ncha ya ulimi.

Mama aliziona zile mbavu chini ya gauni. Aliuma midomo, akaapa kimoyomoyo kunyamaza, na hofu ikampita nguvu.

"Meza, mwanangu," alisema. "Kidogo tu. Kwa ajili ya mama."

Ubao ukatoa mlio. Kiti cha Kidosho kikaanza kurudi nyuma, kikavuka ua, kikapita palepale ukutani, matofali yakianguka pande zote. Hakulia. Aliushika mkate wake kwa mikono miwili, akimtazama mama yake, akizidi kuonekana mdogo kwa umbali.

Mama alibeba kiti chake, akaanza kumfuata. Nyuma yake, kutoka ndani, shangazi alipaza sauti.

"Amekula?"

Meza ikatoa mlio tena, na gauni la njano halikuonekana tena.