Mkono wa Kuomba

Petrona alivuta bawa kwa mkono wa kushoto, akakata kwa wa kulia. Akavuta tena, akakata tena, mapaja ameyabana. Haja ilikuwa imemshika muda mrefu na kuku hawakuwa na mwisho.

Kwetu kwenye laini ya mabawa, mkono wa kisu haupandi kamwe juu ya mkanda. Ukipanda, huna kazi. Mkono wa kushoto, ule uliovaa glavu ya chuma, ndio unaoomba: unauinua juu ya kichwa, unangoja nyapara akuone, akuletee mtu wa kushika nafasi yako, ndipo uende chooni. Kuita ni kazi bure. Mashine zinanguruma na masikio yote yamezibwa.

Petrona aliinua. Mkono ulifika usawa wa titi, ukagoma. Bega lilimchoma hadi machozi yakamlengalenga. Nyapara Purvis alikuwa anapita, anatafuna chingamu yake. Mikaela, jirani yake Petrona, akainua mkono wake mwenyewe, akachomoa kizibo cha sikio.

"Nani anaomba?" Purvis akamfokea sikioni. "Wewe au yeye?"

"Yeye. Bega lake limekufa."

"Basi aombe mwenyewe. Kila mtu na mkono wake."

Akaenda zake. Maji yakamtoka Petrona, ya moto kwanza, halafu yakapoa ndani ya buti. Mikaela alichukua mpira wa maji akammwagia miguuni, anajifanya anaosha sakafu.

"Pole, shoga," alisema. "Kuku wa humu wanasitiriwa kwa plastiki. Sisi je?"

Nafasi ile kwenye laini mwanzoni haikuwa ya Petrona. Ilikuwa ya mama Eulalia, mtu wa kwao Guatemala, wa kijiji kimoja, aliyempokea hapa Karolina, Marekani, akiwa hana hata koti, akamfundisha kunoa kisu na kula tortiya yake, chapati ya mahindi ya kwao, akiwa amesimama. Siku moja mama Eulalia aliinua mkono wa glavu. Purvis akamwonyesha kiganja: subiri. Mama Eulalia akasubiri. Uso ulimpauka, akaegemea nguzo, na glavu ikanasa kwenye mnyororo uliokuwa unaning'inia hapo. Alipokata roho, mkono ulikuwa bado juu.

"Nilidhani bado anaomba," Purvis alituapia. Kuku walikuwa wanapita wakati anasema hayo.

Petrona siku hiyo alisimama upande wa pili wa mkanda, uso kwa uso na mama Eulalia. Tangu hapo mkono ule haukumwacha. Aliuona juu ya friji, akauona kanisani juu ya vichwa vya watu, ukingoja.

Mabega yalipozidi kuharibika, wakubwa walileta mtaalamu wa viungo. Walitenga chumba karibu na stoo ya mabuti, wakabandika bango: TIBA KWA KIPIMO CHAKO. Mtaalamu mwenyewe, Bi. Hensley, alikuwa binti mdogo mwenye mikono ya joto na Kihispania cha darasani. Simsemi vibaya. Alikuwa mtu wa kwanza humo ndani kutushika bila kutusukuma.

"Mimi sitibu bega," alimwambia Petrona. "Nakutibu wewe. Kila mtu ana lake. Mwenzako mmoja anataka kumbeba mjukuu, mwingine anataka kuanika nguo. Wewe mkono huu unautakia nini?"

Petrona alitazama sakafu. "Kuomba choo."

Bi. Hensley alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake. Petrona akamweleza yote, pamoja na habari ya buti. Masikio ya yule binti yalimwiva kwa aibu.

"Lakini hilo si tatizo la bega," alisema. Akautazama mlango, akashusha sauti. "Nitazungumza nao."

Kama alizungumza, sisi hatukusikia. Ila tiba alitoa, tena kwa moyo wote. Alimfundisha kulala na mto chini ya kwapa. Alimfundisha kuvuta taulo juu ya mlango, na kuinua fimbo ya ufagio akiwa chali. Na buibui: vidole vinapanda ukuta taratibu, vikifika penye maumivu vinatua hapo, vinapumua, vinashuka. "Usipigane nayo," alimwambia. "Yabishie hodi tu."

Petrona alipandisha buibui wake jikoni nyumbani, maharage yakiwa motoni. Kila alipofika mwisho wa nguvu zake, aliikuta glavu ya chuma imetangulia, iko juu kidogo ya vidole vyake. Mikaela, aliyekuwa anapanga naye nyumba hiyo, alimsikia ananong'ona.

"Unasema na nani?"

"Na mama Eulalia. Namwambia ashuke, amechoka."

"Yesu wangu! Anakujibu nini?"

"Hashuki. Bado hajaitikiwa."

Mikaela alizima jiko, akatoka nje bila kula.

Majira ya baridi yalipoisha, mkono wa Petrona uligusa sikio, ukalipita, ukasimama wima. Bi. Hensley alipiga makofi, akamkumbatia. Palepale akampigia simu Purvis. "Anafika juu kabisa! Na anaweza kurudia bila maumivu!" Alidhani anampelekea habari njema. Petrona naye alitabasamu, maskini, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Asubuhi iliyofuata Purvis alimngoja mlangoni.

"Hongera, dada. Umepona. Leo unakwenda kwenye ndoano."

"Mimi ni wa mabawa."

"Wewe ni wa pale mkono wako unapofika."

"Bega litaharibika tena, bwana."

"Bi. Hensley si yupo? Kipimo chako anacho."

Kwenye ndoano kuku huingia wakiwa hai. Chumba ni cha giza, kina taa hafifu za buluu ili ndege wasitaharuki. Unamkamata kuku kwa miguu, unampandisha, unamtundika kwenye ndoano zinazopita juu ya kichwa chako, kisha mwingine. Vumbi la manyoya linajaa kooni. Watu wamejipanga ukutani, na mikono yao yote miwili iko juu tangu kuingia hadi kutoka.

Haja ilimshika Petrona. Akatundika kuku aliyekuwa naye, akauacha mkono wa kushoto huko huko juu, mtupu, umenyooka vizuri kama alivyofundishwa. Akasubiri.

Purvis alitokea mlangoni. Akaitazama safu nzima, mikono juu ya mikono ndani ya ile buluu. Macho yake yakamfikia Petrona, yakatua.

Ameniona, alijisemea Petrona. Akaunyoosha mkono zaidi.

"Wewe!" Purvis alipaza sauti. "Mkono mtupu huo ni wa nini? Ndoano zinapita!"

Petrona akainama, akamshika kuku, akampandisha. Maji ya moto yakaanza kushuka kuelekea kwenye buti. Huku kwenye ndoano tunavaa glavu za mpira. Ya chuma hakuna anayevaa. Lakini kando ya Petrona, juu kidogo ya mikono yetu sote, ilikuwepo moja ya chuma, haina kuku, bado inaomba.