Kamba Ndani ya Jiwe

Shangazi alisimamisha cherehani, akainua kidole. "Sikieni."

Tak!

Mlio ulitoka kwenye tangi la kioo la maji ya bahari lililokaa katikati ya marobota ya vitambaa. Humo aliishi Mzee, samaki mdogo wa rangi ya chungwa. Marehemu mume wa Shangazi ndiye aliyemleta, na mpaka leo Shangazi humsalimu Mzee kabla ya mteja yeyote. Jiwe la tangini lilikuwa jipya. Ni jiwe hai, lile litokalo baharini na kila kiumbe kilichojificha matunduni mwake. Kijana wa kaka yake Shangazi ndiye aliyelinunua.

Kijana huyo hakusomea samaki popote. Alijifunza kwenye simu, mpaka mafundi wa Shangazi wakamwita Daktari, na jina likamkaa kama suti ya kupimwa. Muuza samaki alimshauri aliweke jiwe kwenye ndoo kwanza, amulike kila tundu, ajue nani kadandia. Akacheka. "Mimi? Namjua mdudu kwa kivuli chake!"

Mbele ya mafundi aliwataja wadandiaji bila kigugumizi. "Yule mwenye manyoya ubavuni ni mnyoo, anakula mabaki, mwacheni afagie. Hiyo yenye mikono kama nyuzi ni nyota ya bahari, haina ubaya."

"Na huyo wa tak?" Shangazi aliuliza.

"Kamba."

"Ya kuanikia nguo?" fundi wa vifungo akadakia. Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Kamba wa bastola! Anafyatua gando lake tu. Makelele mengi, madhara hakuna."

"Angalia usitupige kamba, Daktari."

"Nikikosea, niiteni mbumbumbu!"

Jioni wateja walipoisha, kijana alimulika tangi kwa simu. Chini ya jiwe palikuwa na maganda ya konokono, yamepondwapondwa. Tunduni, macho mawili yaliyosimama juu ya vijiti yalimgeukia, kila moja kwa wakati wake. Chini ya macho, mikono imekunjwa kama ya vunjajungu. Gando hakuna. Huyu hakuwa wa bastola. Huyu ni kamba wa nyundo, apasuaye gamba kwa pigo moja.

Kulitoa jiwe ilikuwa kazi ya dakika. Ndoo ilikuwa pale pale, kando ya pasi. Lakini mafundi walikuwa bado wanakunja vitambaa. Angelitoaje bila kusema sababu?

"Vipi, Daktari? Mgonjwa anaendeleaje?"

"Salama kabisa," alisema, akazima taa ya simu. Kesho angewahi kabla yao, amtege kimya kimya.

Aliwahi. Shangazi aliwahi zaidi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, Mzee kamlaza juu ya kipande cha kitambaa cheupe, ubavu umepasuka.

"Ni mimi, baba," alisema bila kugeuka. "Jana nilimzidishia chakula. Marehemu alinikanya sana, lakini mimi nasikia basi?"

Aibu ilimpanda kijana kutoka unyayoni. Uongo ulikuwa umeshapikwa, umeshapakuliwa, kilichobaki ni yeye kutafuna. Akafungua mdomo autafune.

Tak!

"Si chakula, Shangazi. Ni kamba."

"Wa bastola? Si ulisema hana madhara?"

"Si wa bastola. Jana nilimwona, nikamjua. Nikaona haya kusema mbele za watu." "Nilikupiga kamba."

Shangazi hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alikikunja kile kitambaa pembe kwa pembe, kama akunjavyo nguo ya mteja.

"Litoe jiwe lako."

Alilitia kwenye ndoo, akaibeba kwa mikono miwili. Mlangoni alikutana na mafundi wakiingia.

"Daktari! Asubuhi yote hii? Mgonjwa mzima?"

Ndani ya ndoo kukasikika tak. Kijana hakuinua macho.

"Niiteni mbumbumbu," alisema, akapita katikati yao.