Mkono wa Kwenye Picha

Askari walimlaza Mabega kifudifudi juu ya mkokoteni wake mwenyewe, juu ya magunia ya vitunguu ambayo hakuwa ameyashusha bado. Wawili wakamkalia mgongoni.

"Mkono upi?" aliuliza mwenye panga.

"Wa kulia," alijibu mwenzake. "Ule wa kwenye picha."

Kosa lilikuwa la mchoraji, kicheko kilikuwa cha mke wa Mabega. Mfalme alipigwa kiharusi, mkono wake wa kulia ukabaki unaning'inia kama soksi iliyoloa, na mfalme asiyeweza kushika fimbo yake hachorwi. Basi mchoraji akaazima mkono sokoni. Siku tisa Mabega, mchukuzi wa mizigo, alisimama ndani ya joho linalonuka dawa ya nondo, amekamata mpini wa ufagio, kwa ujira wa chakula cha mchana na onyo la kufunga mdomo. Mchoraji, mjinga wa watu, akachora alichokiona: mishipa, sugu, hata kidole kidogo kilichopinda tangu siku kilipoangukiwa na gunia la chumvi.

Picha ikatundikwa kila ofisi, kila duka, hata chooni kwa mkuu wa soko. Watu wakiitazama, migongo inainama yenyewe. Mke wa Mabega, muuza mkaa, aliitazama mara moja akacheka mpaka akashika mbavu.

"Baba watoto! Kidole chako kimehamia ikulu! Na jana tu kilikuwa kinanikuna mgongo!"

Soko zima likacheka. Siku ya tatu mzaha ukafika ikulu.

Sasa mke alikuwa matopeni, amekumbatia buti la askari. "Afande, chukueni rangi, mkakinyooshe huko pichani. Mkono huu ndio unaotulisha."

"Picha ziko mia nne, mama. Mkono ni mmoja."

"Basi kateni kidole tu!"

Panga lilishuka mara tatu. Mara ya kwanza liligonga mfupa likateleza. Gunia likapasuka, vitunguu vikabingirika vimelowa damu, na waliokuwa karibu wakaviokota.

Mabega alirudi sokoni miezi miwili baadaye, kigutu kimefungwa kitambaa. Mkuu wa soko alikuwa mlangoni, chini ya picha, akisalimiana na wakubwa wenzake. Siku hizi wakubwa wote hushikana mikono wamekunja kidole kidogo.

"Mwenye mkono mmoja hapati namba ya uchukuzi," alisema mkuu, akanyoosha mkono kumwonyesha njia ya kutokea.

Kidole chake kidogo kilikuwa kimepinda vizuri sana. Alikuwa amekifunga kwa uzi, kisije kikanyooka.